Kimya cha Mama Kwenye Kaseti ya Baba

Mwalimu alikung'uta gunia, simu zikamwagika mezani kama dagaa. Nyeusi, za buluu, nyingine zimefungwa kwa mpira, nyingine kioo kimepasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Nilikuwa nimeitwa shuleni, hapa hapa Garsen, kwa ajili ya mwanangu wa mwisho aliyenaswa na simu ndani ya soksi. Ndani ya soksi! Sisi hata soksi hatukuwa nazo. Mwalimu akasema, "Mama, sheria ni sheria. Itambue ya kwenu, uweke kidole hapa." Mimi sikuwa na ugomvi na sheria. Lakini gunia lile lilikuwa limeachwa dirishani, na jua la Garsen mnalijua, halimhurumii mtu wala chombo. Simu zikatoa harufu. Ile harufu ya betri iliyopigwa na jua, ya chuma na uchachu, inayokaa nyuma ya ulimi. Na katikati ya rundo moja ikaanza kulia.

Ililia. Ikalia. Mwalimu anaandika mambo yake. Nikajikuta miguu inacheza chini ya kiti, yenyewe tu.

"Mwalimu, kuna mtu anaita."

"Iache, mama. Itanyamaza."

"Lakini anaita."

"Una haraka?" akaniuliza, maana aliona ninavyojipindapinda kama mtoto aliyebanwa na haja.

Sikuwa na haraka. Haraka nilikuwa nayo ule mwaka wa mafuriko, yale makubwa, ambayo nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Mto uliacha njia yake ukaja kututembelea nyumbani. Wakulima wa Idsowe wakahama na kuku kichwani, wakaja kulala mahali pakavu karibu na shule yetu. Sisi Waorma, watu wa ng'ombe, wanaume wetu wakawaswaga wanyama mbali na maji na mbu. Baba akaenda nao huko ndani kabisa, ambako hata jina la mahali hubadilika kila mvua. Mama, mimi na mdogo wangu tulibaki kijijini na ng'ombe wa maziwa. Mbu wa mwaka ule, jamani, ukifungua mdomo kusema umeshameza mmoja. Lakini sitaki kusema habari za mbu.

Umri wangu wa wakati ule siujui sawasawa. Nilikuwa darasa la tatu, ila msinipime kwa darasa, kwetu mtu alianza shule akiwa ameshajua kukamua.

Baba hakujua kuandika na mama hakujua kusoma, basi barua ingekuwa ya nani? Alitumia kaseti. Alikuwa na kiredio chake kambini, anakaa kivulini, anabonyeza kitufe chekundu, anazungumza. Kaseti inafungwa kwenye kitambaa, inapewa mchuuzi wa mbuzi au dereva wa lori, inafika dukani Garsen, na mwenye duka anapaza sauti kwa yeyote anayepita njia ya kwetu, "Mwambieni yule mama, mumewe amefika!" Ndivyo walivyosema. Hawakusema kaseti imefika, walisema mumewe amefika.

Sasa, salamu zetu si za kupita. Kwetu mtu hakuulizi hali akaenda zake. Anauliza, anangoja. Nagaa? Yaani, mko na amani? Unajibu, nagaa, amani. Watoto, amani? Amani. Ng'ombe? Amani. Jirani? Maji? Usiku mmelalaje? Kila swali na jibu lake, na kuiacha salamu ya mtu mzima ianguke chini bila jibu ni utovu wa adabu ambao mtoto alichapwa kwa ajili yake. Basi baba aliposema na kaseti, aliacha nafasi. Anauliza, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, anauliza tena. Nasi tumeizunguka redio ya mama, ile aliyoishonea nguo yake ya kitambaa kama mtoto mchanga, tunajibu sote kwa sauti moja, hata jirani aliyekuja kuomba moto.

Mimi niliamini kwamba baba anatusikia. Msicheke. Nilikuwa na ushahidi. Mara moja, kwenye kimya kile cha baada ya "watoto, amani?", mdogo wangu alipiga kelele, "Peremende!" Na kaseti iliyofuata ilikuja na peremende ndani ya kitambaa, zimenata na vumbi la njiani. Sasa mwambie mtoto kwamba baba hakusikia. Na kuna siku mama alikuwa amekasirika, hakujibu chochote, na baba baada ya kimya akasema, "Alhamdulillahi." Nikamwona baba ni mvumilivu sana.

Mwaka huo shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekuja kwetu kutoka Madogo. Alikuwa na hoteli ya chai kando ya barabara kule, madereva wanashuka usiku na mchana. Mwanamke mnene, mcheshi, mikono imebabuka kwa maji ya moto. Simsemi vibaya, Mungu amrehemu, alinifundisha kuchuja chai bila kutia majani hata moja. Alikuja kwa jambo moja tu, kunichukua mimi.

"Wifi," alimwambia mama, "vikombe vinanishinda. Nipe huyu msichana. Atakula ashibe, ajue biashara. Hapa anasoma nini? A, e, i, o, u? Hiyo hata mbuzi anaimba."

"Baba yake hajasema," mama alijibu.

"Amesema! Nilikutana naye mnadani. Aliniambia, dada, mimi sina neno."

"Sina neno si mchukue."

"Kwa ndugu yangu ni hivyo hivyo."

Walikuwa wakiliburuta jambo hilo siku nzima, mmoja akipeta mchele, mwingine akisuka mkeka, na mimi katikati nikigeuza shingo huku na huku. Ndipo kaseti ya baba ikafika. Tukakaa. Salamu zikaenda vizuri, ng'ombe amani, maji ni mengi mno lakini amani. Kisha baba akakohoa, kikohozi cha mtu anayeingia kwenye jambo, akasema, "Na huyu binti anayesoma. Dada yangu ameniomba, nami nikafikiri..."

Hapo sauti ikaanza kuvutika. Ni-ka-fiii-kiii-riiii. Ikawa nene, ikashuka, kama dume lililokwama topeni, mpaka ikawa mngurumo tu. Kisha ikakatika.

"Betri," mama alisema.

Lakini mimi nilishapiga ukelele, "Baba anazama!" Maana msimu ule ule nilikuwa nimemwona ng'ombe wa jirani akimezwa na tope ukingoni mwa mto, na sauti yake ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo, nene, inayokwenda chini. Mama alinieleza, betri zimekufa, baba yako ni mzima. Shangazi alinieleza. Niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa, na moyoni nikajua watu wazima wananificha.

"Si umesikia, wifi?" shangazi akasema. "Nikafikiri. Mtu akifikiri juu ya dada yake anafikiri vizuri."

"Tutasikia mwisho wake," mama akasema.

Tukazitoa betri, zile kubwa, tukazianika juu ya bati. Mnakumbuka? Tukaziuma pembeni kwa meno, tukazibadilisha mahali, ya mbele nyuma. Mimi nilizilamba kuona kama zimeamka. Lakini jua lenyewe lilikuwa limejifunika mawingu kama mwanamke wa eda. Baba alisema neno moja, "amani," akazama tena. Madukani Garsen hakukuwa na betri, barabara ya Malindi ilikuwa imekatwa na maji. Barabara ya juu, ya kwenda Madogo, ilipitika kwa lori, lori linapotaka, na lori lilileta mirungi na mbuzi, halikuleta betri. Mama hakutulia. Anaingia, anatoka, anashika kibuyu, anakiacha, anasimama mlangoni kutazama mawingu. Nami namfuata nyuma kama ndama. Na shangazi ameshafunga mzigo wake, anangoja honi. Lori la Madogo likipiga honi, tunapanda.

Asubuhi mtoto wa jirani akaleta habari kwamba lori limeingia Garsen, linapakia mbuzi, litaondoka leo kabla ya alasiri. Shangazi akasema, "Alhamdulillahi." Nikaomba ruhusa niende shule, kuaga. Wakanipa. Nikaenda na baba ndani ya ushungi wangu.

Kwa nini shule? Kwa sababu mahali pekee palipokuwa na betri zenye nguvu ni ndani ya redio kaseti ya hedimasta. Mashine kubwa ya rangi ya fedha, iliyofungiwa kabatini, ya kusikilizia masomo ya redioni na kurekodi kwaya. Nilipanga kwamba akitoka kunywa chai nitaingia, nitamweka baba, atatoka topeni. Zaidi ya hapo sikuwa na mpango.

Tatizo ni sheria. Ilisomwa kila Jumatatu kwenye paredi, hakuna redio, hakuna kaseti, hakuna saa inayolia, hakuna tochi, hakuna hata betri moja mfukoni. Haikutoka hewani. Wavulana wakubwa walikuwa wakisikiliza mpira nyuma ya choo, na mtu fulani alichomoa betri za mashine ya shule, masomo ya redio yakawa bubu muhula mzima. Hedimasta, mtu wa bara, mrefu, mwenye sweta hata wakati wa joto, alisema mpaka mwizi ajulikane sote tutaruka. Naam, kuruka. Mwalimu wa zamu anasimama mbele, "Rukeni!", shule nzima inaruka juu na chini kama panzi, na kilichofichwa kinadondoka. Gololi zinadondoka, mabungo yanadondoka.

Asubuhi ile sikuwa nimekumbuka kuruka. Nikaruka, nimebana ushungi kwa kidevu. Mwalimu wa zamu akasema, "Mikono juu! Kidevu juu!" Baba akaanguka mavumbini.

Hedimasta akaja mwenyewe, akaiokota, akaipuliza vumbi.

"Nyimbo za nani hizi?"

"Si nyimbo, mwalimu. Ni baba."

Shule ikacheka. Walicheka Waorma, wakacheka Wapokomo, siku ile tulikuwa kabila moja la kunicheka mimi.

"Baba yako anaimba?"

"Hapana, mwalimu. Amekwama."

Wakacheka zaidi. Hedimasta hakucheka, lakini shavu lake liliruka kidogo.

"Kitu kilichoshikwa hakirudishwi kwa mwanafunzi, kinarudishwa kwa mzazi. Mwambie baba yako aje aichukue mwenyewe."

"Hawezi kuja, mwalimu," nikasema. "Ndiye huyo umemshika."

Basi. Mpaka leo kuna wanaume wenye ndevu Garsen wakiniona wananiita Baba Kaseti. Kaseti ikaingia kwenye sanduku la bati pamoja na gololi na tochi, kufuli ikafungwa, ta!

Nilikaa darasani lakini sikukaa. Kila chombo kilicholia barabarani niliinuka. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi nasikiliza honi. Niliomba kwenda haja mara nyingi hata mwalimu akaniuliza kama nimekula mapera mabichi. Nilikuwa napita tu dirishani mwa ofisi, kuangalia sanduku.

Nilikuwa na rafiki, Hadhara, Mpokomo wa Idsowe, mwimbaji wa kwaya. Yeye aliniita harufu ya maziwa, mimi nilimwita kambare, na atakayemgusa mwenzangu nitamng'ata. Kabla ya mapumziko alikuja mbio mpaka mlangoni kwetu, anahema.

"Wewe, harufu ya maziwa! Toka! Mwalimu wa kwaya hana kaseti ya kurekodi. Hedimasta amemwambia achague sandukuni iliyo tupu. Wanaijaribu ya kwako!"

"Ya kwangu si tupu!"

"Wanasema ni tupu! Mtu anasema neno moja, halafu kimya. Neno moja, kimya. Wanasema imeharibika. Sisi tumeshapangwa mistari, tunangoja kuimba juu yake!"

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia mpaka chini ya dirisha la ofisi, nikashika nondo za dirisha. Ile mashine ya fedha ilikuwa mezani. Mwalimu wa kwaya ameinama, kidole chake kiko juu ya kitufe chekundu. Wameirudisha kaseti mwanzo, na baba anazungumza. Sauti imenyooka, safi, kama amekaa nyuma ya pazia.

"Nagaa?" baba akasema. Kisha kimya.

"Umesikia?" hedimasta anamwambia mwenzake. "Hakuna kitu. Rekodi tu."

Sasa ningefanyaje? Baba amesalimia. Mtu mzima amesalimia mbele ya watu na hakuna anayejibu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Nagaa!"

Wakageuka wote wawili. Baba hakungoja wageuke. Akaendelea, "Watoto, amani?"

"Amani!" nikajibu, na safari hii sikuwa peke yangu. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na darasa la tano, ukuta wenyewe haukufika juu, na mtoto fulani wa Kiorma aliisikia salamu ya mzee, naye akajibu kama alivyofundishwa kwao. "Ng'ombe?" Darasa la tano wakajibu. "Jirani?" Sasa la nne pia, na wavulana waliokuwa wakifagia uwanja, wamesimama na fagio mkononi, wanajibu. "Maji?" Shule yote ya upande wetu ikajibu kwa pamoja, amani, na Hadhara, kambare yule, akajibu naye kwa lugha yetu, vibaya kabisa, lakini kwa sauti kubwa kuliko sote.

Mwalimu wa kwaya aliinua kidole kile polepole kama mtu anayekitoa kwenye mdomo wa nyoka.

Hedimasta akaja dirishani. "Huyu ni nani?"

"Baba."

"Anasema nini?"

"Anasalimia."

"Na mbona ananyamaza?"

Nilimshangaa. Mtu amesoma hivyo. "Anangoja, mwalimu."

Nyuma yake baba alikuwa akiendelea, akafika kwenye kikohozi, akasema, "Na huyu binti anayesoma. Dada yangu ameniomba, nami nikafikiri..." Nikashika nondo kwa nguvu. Hapo ndipo alipozama. Lakini hakuzama. Sauti ikapita pale pale penye tope, imesimama wima, miguu mikavu. Nikaanza kulia kwa furaha, kamasi na yote. Baba mzima! Na wakati huo huo hofu nyingine ikanishika, maana nilijua anaelekea kuuliza. Atauliza, ataacha kimya, na hicho si kimya cha watoto, ni kimya cha mama. Na mama hayupo. Baba atangoja, atasikia kuku wa shule na watoto wanaocheka, atadhani mama hana la kusema.

Nilizunguka, nikaingia ofisini bila kubisha, nikapiga kitufe cha kuzima kwa ngumi. Mashine ikanyamaza. Nilikuwa nimegusa mashine ya hedimasta kwa mkono wenye kamasi, na hakuna kosa lililokuwa kubwa kuliko hilo.

"Hiyo inayokuja si yetu," nikamwambia. "Ni ya mama. Na lori linaondoka."

Alinitazama. Mwalimu wa kwaya akasema, "Tumpe tu aende nayo." Hedimasta akakataa. Akasema sheria inasema mzazi, na betri za serikali hazitembei na mtoto peke yake. Nikadhani nimekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta kamba. Akaifunga mashine nyuma ya baiskeli yake, akaifunika kwa sweta, ndiyo mara ya kwanza kumwona bila sweta, akasema, "Tangulia, onyesha njia. Mzazi asiyeweza kufika, anafikiwa."

Nilikimbia mbele ya baiskeli njia nzima.

Tulimkuta shangazi amekaa juu ya mzigo wake, na mzigo wangu mdogo pembeni, leso moja tu imefungwa fundo. Mama akatoka na unga mikononi. Hedimasta akasalimia, akaletewa maziwa, akayanywa na masharubu yakawa meupe, hakuna aliyethubutu kumwambia. Shangazi akasema, "Mwalimu, usijisumbue, mtoto anasafiri."

"Nimemleta baba yake," hedimasta akasema.

Akairudisha kaseti mwanzo. Ingetosha kuanzia pale nilipoisimamisha, lakini mama alisema hapana, mtu haingii nyumbani kwake katikati ya maneno, aanze na salamu. Tukajibu zote. Hedimasta naye akajibu nagaa, kwa adabu, na masharubu yake ya maziwa. Huko barabarani nikasikia honi ya kwanza, mbali.

Kikohozi. "Na huyu binti anayesoma. Dada yangu ameniomba, nami nikafikiri, nikaona siwezi kumkatalia dada yangu."

"Eeh!" shangazi akainuka.

"Wala siwezi kumkubalia," baba akasema. "Mimi nimekaa na ng'ombe, sijui mtoto analala vipi wala anaamka vipi. Nilimwambia dada sina neno, na kweli sina. Neno liko kwa mama yake." Kisha akamwita mama kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu, akauliza, "Unasemaje?"

Akanyamaza.

Sijasikia tena kimya kama kile. Kilikuwa kirefu kupita vyote alivyowahi kuacha. Kwenye mashine ilisikika kaseti ikizunguka, krr, krr, na ndani kabisa, mbali, kengele ya ng'ombe. Hata kaseti ilikuwa inapumua. Honi ikapigwa tena, karibu zaidi. Mdogo wangu akafungua mdomo, nikamziba, nilijua ni peremende. Mama alikuwa anajifuta unga, kidole kimoja kimoja. Nikaona kimya kinakwisha, kitakwisha kabla hajasema, na miguu yangu haikuweza tena kukaa chini. Nikasimama, nikakaa, nikasimama.

"Asiende," mama alisema. Aliiambia redio, hakutazama mtu. "Asiende. Abaki asome."

Kengele ya ng'ombe ikalia mara nyingine. Kisha sauti ya baba, taratibu, kama mtu aliyesikia na kuridhika:

"Haya. Iwe kama ulivyosema."

Shangazi alikaa tena juu ya mzigo wake. Akaitazama ile redio. "Ndugu yangu huyu," akasema, na kitu kama kicheko kikamtoka puani. Alinipa sabuni aliyokuwa ameninunulia, akasema chukua tu, akaenda zake barabarani na mzigo kichwani. Lori likaondoka bila mimi. Madogo nilikwenda miaka ya baadaye, nikiwa nimeshaacha shule kwa mambo mengine, ukame na kuolewa, nikachuja chai pamoja naye. Hayo ni masimulizi mengine, na sitayasimulia, yamejaa vikombe.

Jumatatu iliyofuata sheria ilisomwa na mkia mpya. Kaseti za nyimbo marufuku kama kawaida. Kaseti za wazazi ziletwe ofisini waziwazi, zitasikilizwa Alhamisi baada ya masomo, na mzazi anakaribishwa. Mpaka mafuriko yakaisha, Alhamisi ofisi ile ilijaa akina mama wenye leso, wanajibu salamu. Kwaya ikaenda kutafuta kaseti yake kwingine.

Mwanangu wa mwisho ananitumia sauti kwa simu siku hizi, anasema mfululizo bila kuvuta pumzi, hamna hata mwanya wa kutia "ehe". Nilimwuliza, mbona hungoji? Akasema, mama, utajibu na ya kwako baadaye. Sawa. Siku ile ya gunia niliweka kidole pale mwalimu alipotaka, nikapewa simu yetu. Ile nyingine iliyokuwa ikilia ilikuwa imeshanyamaza. Nilitoka nje na bado inaniwasha.

Baba alirudi jua lilipokausha nyika. Tulianza kuona vumbi, kisha ng'ombe, kisha yeye, mwembamba, fimbo begani. Mimi nilikuwa mlangoni nimevaa sare ya shule. Alisimama mbali kidogo, kama desturi, akauliza, "Nagaa?" Tukajibu sote. Lakini nilimwona hatazami mwenye kujibu, macho yake yanapita juu ya vichwa vyetu, yanatafuta, yanarudi. Yakanifikia. Akaitazama ile sare muda mrefu.

"Kumbe mama yako alisema ubaki," akasema.